Saini za Matanga ya Joyline

Msomaji, tulimwacha Drusilla amesimama mbele ya jopo, na kitabu cha jalada jeusi kimefunguliwa chini ya pua yake. Bado amesimama. Wiki nzima wewe umekula, umelala, umechuma na majani yako ya chai, lakini yeye hajapewa hata kiti.

Jina la kwanza katika kitabu hicho lilikuwa lake. Drusilla Kemunto, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saini. Mwandiko ulikuwa wake kabisa, hata ile K yenye mkia mrefu aliyofundishwa darasa la pili.

"Hii ni saini yako, mama?" aliuliza Wakili Manasseh, mtetezi wa kampuni. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayekukaribisha chai.

"Ni yangu."

Ukumbi mzima uliguna. Nyuma walikuwa wameketi watu wa kijiji chake cha Riakerongo, wale wale waliomchagua awe mwenyekiti wa kamati ya kupinga kiwanda. Sasa mwenyekiti wao ndiye anayeongoza orodha ya wanaokitaka kiwanda. Wengine walianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Kama gazeti hili limekufikia leo tu, likiwa limefungiwa omena sokoni Daraja Mbili, ngoja nikueleze upesi. Karibu na Suneka kuna kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari ili kipate madini ya risasi. Moshi wake hutua kwenye sukuma wiki za watu, na maji yake meusi huingia kijitoni. Watoto kumi na mmoja wa Riakerongo walipimwa damu, wakakutwa na sumu ya risasi. Wa kumi na mbili alikuwa Joyline, mwenye miaka sita, mtoto pekee wa Drusilla. Huyo hakungoja majibu.

Tanuri lilisimamishwa, nayo kampuni ikaomba liwashwe tena. Jopo la mazingira liliketi mjini Kisii Ijumaa hiyo kuamua. Kampuni ilisema ilifanya kikao na wakazi, na wakazi mia mbili na kumi na wanne wakatia saini kwamba wanautaka mradi. Jopo likiikubali orodha hiyo, Jumatatu asubuhi tanuri linawaka.

Drusilla aliyajua hayo yote, wala hayakumsisimua. Tangu siku ya mazishi alikuwa na ganzi. Unaijua ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya? Yake ilikuwa ya mwili mzima. Hakuwa amelia hata tone, na wanawake walikuwa wamelisema hilo kila mahali, mtoni na kwenye kituo cha kupimia chai.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa miwani, alimtaka aeleze saini ile ilifikaje pale. Drusilla alieleza kama mtu anayesoma bei za sokoni.

Siku ya mazishi, Alhamisi, kampuni ilileta tenti mbili na viti mia mbili bila kuombwa. Watu walinung'unika, lakini mvua ilikuwa inanyesha na wazee hawakuwa na pa kukaa. Pamoja na viti alikuja Bravin, afisa uhusiano wa kampuni. Bravin si mgeni. Ni mwana wa jirani yake Bathsheba, na Drusilla ndiye aliyemfundisha mafungu ya kukariri katika Shule ya Sabato alipokuwa na miaka sita. Bravin aliweka kitabu mezani pale langoni, akasema ni kitabu cha rambirambi, akamwomba mama wa marehemu aanze. Mama wa marehemu akaanza. Wengine wote wakafuata, kila mmoja na namba yake ya kitambulisho.

Usiwacheke, msomaji. Sisi tumezoea. Ukiingia ofisini unaandika kitambulisho, ukienda semina unaandika, ukimtembelea mgonjwa unaandika. Hata huko mbinguni tukiombwa kitambulisho mlangoni tutainama kutafuta kalamu.

"Juu ya ukurasa hapakuwa na kitu," alisema Drusilla. "Haya maandishi yamekuja baadaye."

Maandishi yenyewe yalikuwa ya chapa, meusi, yamenyooka: *Wakazi wa Riakerongo waliohudhuria kikao na kuunga mkono kufunguliwa kwa tanuri. Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi.*

Wakili Manasseh alitabasamu. Alitaka kujua ni kitabu gani cha rambirambi ambacho watu mia mbili na kumi na wanne wamekiandika bila hata mmoja kuandika neno pole. Swali lilikuwa zuri, shetani ampe soda.

Ndipo wakili wa wanakijiji aliposimama. Linet alikuwa msichana wa Nyamira, mwembamba, mwenye suti moja tu, na alikuwa akiwatetea kwa sababu shangazi yake ameolewa Riakerongo. Aliomba tarehe ile isomwe tena, polepole. Karani akaisoma.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wa pili, kisha safu nzima.

Mwenyekiti wa jopo aligonga meza akauliza kinachochekesha ni nini. Aliyejibu alikuwa Mzee Nyabuto, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka hata arusini.

"Mheshimiwa, Jumamosi saa nne sisi tuko kanisani. Riakerongo yote ni Wasabato. Hata mbwa wetu wanajua."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kortini hata ukweli huombwa kitambulisho. Mwenyekiti alitaka ushahidi. Na hapa, msomaji, ndipo Drusilla alipoinama, akafungua kipochi chake, akatoa daftari la bluu lenye kona zilizokunjamana. Lilikuwa rejista ya Shule ya Sabato. Yeye ndiye karani wake, na alikuwa akitembea nayo kwa sababu kesho yake ndiyo ilikuwa Sabato ya mwisho ya robo na hesabu ya waliohudhuria ilitakiwa.

Tarehe 14 Juni ilikuwa siku mbili tu baada ya kumzika Joyline. Alikuwa ameenda kanisani kwa kuwa hakujua mikono yake aipeleke wapi. Alikaa kwenye benchi lake, akaita majina, akaweka alama. Bosire, yupo. Sheila, yupo. Mathew, yupo. Alipofika kwa jina la Joyline katika darasa la watoto, alilivuka kama mtu anayevuka tope.

Jopo lililinganisha majina kwa muda wa robo saa. Karibu kila Msabato mkubwa wa Riakerongo aliyekuwa kwenye kitabu cheusi alikuwa pia kwenye daftari la bluu, siku ile ile, saa ile ile. Nyuma watu walianza kushikana mikono. Linet aliketi, akanywa maji.

Wakili Manasseh aliomba naye aione rejista. Alipitisha kidole chake taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kidole kikasimama.

"Si wote walikuwa kanisani," alisema. "Ogoti Machogu. Hakuwepo. Hapa karani ameandika 'mgonjwa'. Huyu Ogoti ni nani?"

Drusilla ndiye aliyelazimika kujibu, kwa kuwa alikuwa chini ya kiapo.

"Ni mume wangu."

Basi Wakili Manasseh hakupoteza nafasi. Alisema kuwa mume wa mwenyekiti wa kamati mwenyewe hakuwa kanisani siku ya kikao, na hakuwa mgonjwa pia, kwa sababu kampuni ilimwona kiwandani kwa macho yake. Vichwa vyote viligeuka nyuma. Ogoti alikuwa ameketi karibu na mlango, shemasi wa kanisa, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na kofia yake ilikuwa inazunguka mikononi.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Drusilla alimtazama mume wake akangoja hasira. Aliingoja kwa heshima, kama unavyongoja mgeni aliyesema anakuja. Haikuja. Jambo hilo ndilo lililomtisha, kwamba mtu anaweza kuambiwa neno kama hili juu ya mume wake na moyo usiruke hata mara moja.

Ogoti alisimama bila kuitwa.

"Sikuwa mgonjwa," alisema. "Nilimdanganya mke wangu. Nilirudisha viti."

Kwa mtu wa nje hilo si neno kubwa. Kwa Riakerongo lilikuwa kubwa kuliko wizi wa ng'ombe. Shemasi mzima alikuwa amepakia viti kwenye lori siku ya Sabato, saa ya ibada, huku mkewe akiita majina kanisani. Mzee Nyabuto alitazama viatu vyake. Ogoti aliyasema yote bila kupumzika, kwamba Bravin alimpigia simu Jumamosi asubuhi, akasema viti vinatakiwa kwingine siku inayofuata na lori liko njiani. Aliona aibu kukataa, maana viti vilikuwa vya msaada. Kitabu nacho kikahesabiwa kama mali ya kampuni, kikapanda lori. Drusilla alipokiulizia baadaye, yeye alisema kimelowa mvua akakichoma. Aliogopa kwamba kitabu kingeleta swali la lini, na lini ingeleta Sabato.

Unaona kosa hilo, msomaji? Kama angeogopa kampuni nusu ya alivyoogopa kanisa, tusingekuwa hapa.

Wakili Manasseh alikuwa hodari, lazima nimpe haki yake. Palepale aligeuka kama samaki. Alisema basi tarehe ile ilikuwa kosa dogo la mpiga chapa, na kikao kilifanyika Alhamisi, pale pale matangani, baada ya mazishi, watu wakiwa bado wameketi. Je, kuna anayekana kwamba Alhamisi watu wote hao walikuwa pamoja? Hakuna ambaye angeweza kukana. Walikuwa pamoja, na rejista ya Sabato haina Alhamisi.

Furaha iliyokuwa nyuma ilikufa.

"Nina karatasi," alisema Ogoti.

Mwenyekiti alimwambia asogee mbele. Akasogea. Akaeleza kwamba langoni mwa kiwanda hakuna kitu kinachoingia bila karatasi, na yeye alipewa yake. Iliandikwa viti mia mbili, tenti mbili, kitabu kimoja cha rambirambi. Waliandika hivyo hivyo, cha rambirambi. Na aliyepokea alitia saini. Alikuwa Bravin.

Kitabu cha kikao hakiwezi kuingia langoni kikiitwa cha rambirambi. Hata mwenyekiti aliliona hilo, akavua miwani. Akauliza karatasi iko wapi.

Ogoti alijibu akimtazama mke wake, si jopo.

"Iko kwenye mkoba wa shule wa mtoto. Uko chumbani mwake, kwenye msumari. Niliificha huko kwa kuwa ndicho kitu pekee nyumbani ambacho mama yake hawezi kukigusa."

Alisema kweli. Drusilla hakuwa amefungua chumba kile tangu mazishi.

Jopo lilitoa amri kwamba karatasi iletwe kabla ya saa tisa. Ilikuwa saa saba kasorobo. Katika zile purukushani za kuinuka, Drusilla alimwona Bravin akitoka kwa mlango wa pembeni na kofia ya pikipiki mkononi. Alimwona kama unavyoona nzi akitoka dirishani. Haikumpitia akilini kumwambia mtu.

Walichelewa. Linet alitakiwa atie saini hati ya amri, karani akaitafuta, akaikosa, akaipata. Ilipofika saa saba na nusu ndipo gari dogo la Linet lilipotoka Kisii, yeye kwenye usukani, mume na mke kiti cha nyuma, na katikati yao nafasi ya mtu mmoja mdogo.

Ogoti alijaribu kuzungumza. Alisema angemwambia, kila siku alipanga kumwambia. Drusilla alisema amesikia. Ogoti alimuuliza kama ana hasira naye. Drusilla alifikiri vizuri, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli.

"Sina kitu, Baba Joyline," alisema. "Nimejitafuta mpaka nimechoka. Ndani hakuna kitu."

Linet alikanyaga mafuta mpaka wakafika.

Nyumba ilikuwa kimya. Wengi wa Riakerongo walikuwa wamebaki Kisii wakingoja saa tisa, na walioachwa nyumbani walikuwa mashambani kwenye chai. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli lake. Ogoti alitaka kuingia yeye. Drusilla alimshika mkono.

"Niache. Ni changu."

Alivuka sebule. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha mtoto, akaweka mkono kwenye kitasa, akahesabu mpaka tatu kama anavyohesabu mtu kabla ya kumwaga maji baridi mwilini. Akaufungua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vya shule vilikuwa chini, kimoja kimelala ubavu. Kila kitu kilikuwa na vumbi la kijivu, laini, lile lile la kiwandani lililotua siku zote tanuri likiwaka, ambalo wakati mtoto yupo Drusilla alikuwa akilipangusa kila asubuhi na kila jioni, na sasa lilikuwa limeshuka tena kutoka darini. Ukuta ulikuwa wa chokaa nyeupe zamani. Sasa ulikuwa wa kijivu kuanzia juu mpaka chini.

Isipokuwa mahali pamoja. Chini ya msumari palikuwa na alama nyeupe, safi, yenye mabega mawili ya mviringo na mikanda miwili. Ilikuwa sura kamili ya mkoba.

Msumari ulikuwepo. Mkoba haukuwepo. Na dirisha dogo la nyuma, lililofungwa siku ya mazishi, lilikuwa wazi.

Drusilla alilitazama lile umbo jeupe. Mtoto alikuwa akiufikia msumari ule kwa kusimama juu ya vidole. Kila jioni alirudi, akaruka mara mbili akikosa, mara ya tatu akautundika mkoba, halafu akaita, mama, nimeweza. Karatasi ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Waliochukua walikuwa wamechukua karatasi, lakini pamoja nayo walikuwa wamechukua penseli iliyotafunwa, na daftari lenye jina, na kile kitambaa chenye mafua ya mwanawe.

Ganzi iliachia ghafla, na unajua mguu unavyouma damu inaporudi.

Akapiga nduru. Haikuwa na maneno. Ilikuwa kilio cha wiki mbili, cha siku ile ya kaburi ambayo hakulia, kilimtoka kikapita dirishani, kikavuka migomba, kikashuka mpaka kijitoni. Ogoti alisikia akapiga magoti uani. Linet, mtoto wa watu, alianza kulia naye bila kujua analia nini.

Sasa wewe ni mtu wa Gusii au umeoa huko, kwa hiyo unajua. Mama akipiga nduru huulizi ni ya nani. Unaacha kikapu cha chai pale pale mgongoni pa shamba, unakimbia. Mwanamke wa kwanza akiisikia naye huipokea, wa pili huipokea kutoka kwake, na baada ya dakika tano kilima kizima kinalia na barabara imejaa watu ambao bado hawajui nani amekufa.

Ndivyo ilivyokuwa. Walitoka kwenye chai, walitoka kwenye mahindi, wengine na majembe, wengine na watoto mgongoni.

Na hapo ndipo, nyuma ya migomba, pikipiki ilipowashwa.

Drusilla aliisikia akiwa bado analia. Alitoka mbio kwa mlango wa jikoni. Kutoka nyuma ya ile nyumba kuna njia moja tu ya kufika barabara kubwa, nayo hupita mbele ya lango lake, halafu mbele ya lango la Bathsheba. Aliyekuwa amejificha alikuwa amechelewa kulifungua dirisha, gari likamkuta, akalingoja liondoke. Hakuwa amengoja nduru.

Pikipiki ilichomoka langoni. Aliyeiendesha alikuwa Bravin, koti limefungwa mpaka shingoni, na tumbo lake lilikuwa limevimba kama la mama mjamzito. Chini ya koti ulichungulia mkanda mmoja wa rangi ya waridi.

Alipiga honi. Watu hawakusogea, kwa sababu hawakujua kwa nini wampishe. Alipiga tena. Mbele yao wote alisimama mwanamke mfupi mwenye kanga kiunoni na mikono imejaa tope, pumzi zikimkata. Alikuwa Bathsheba, mama yake. Hakuwa ameenda Kisii, maana hakujua aketi upande gani wa ukumbi. Mwana wake alikuwa mtu wa kampuni, na mjukuu wake Lorna alikuwa mmoja wa wale watoto kumi na mmoja.

Alimtazama Drusilla aliyekuwa akikimbia nyuma ya pikipiki, bila viatu, uso umelowa. Alikuwa hajauona uso huo ukilia tangu mazishi. Kisha alitazama ule mkanda wa waridi. Mkoba ule aliujua. Mara ngapi aliubeba yeye, Lorna na Joyline wakirudi kutoka shule pamoja.

Bravin alishika breki. Tairi la mbele lilisimama hatua moja kutoka kwenye miguu ya mama yake, na mashine ikaendelea kunguruma. Nyuma yake watu walikuwa wameziba njia. Saa ilikuwa nane na dakika kumi.

Bathsheba hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake wenye tope, kiganja juu.

"Momura one, mwanangu," alisema, "lete mzigo wa mwenye mtoto."

Bravin hakuzima pikipiki. Mkono mmoja uliingia ndani ya koti, na wa pili ukabaki kwenye mpini wa mafuta, tayari kuuzungusha.